"Frag" mara kumi na moja: sentensi zangu za Kiingereza zimepungukiwa nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro na tasnifu yangu, inayohusu wakulima wa mahindi, naiandika kwa Kiingereza. Msimamizi amenirudishia sura ya nne ikiwa imeandikwa "frag" pembeni mara kumi na moja, bila neno jingine. Wenzangu wanasema maana yake ni sentensi isiyokamilika. Mimi nikizisoma naziona zimekamilika, na nyingine zina mistari mitatu! Tena waandishi wakubwa wa Kiingereza huandika hata neno moja wakaweka nukta, na hakuna anayewauliza. Nitazitambuaje hizi sentensi, na nitazirekebishaje? Nimekuwekea zote kumi na moja, pamoja na aya moja nzima.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimezisoma zote, na aya yako nimeirudia mara mbili. Nikuambie mapema: kumi zina kasoro kweli, na moja umeonewa. Hiyo moja nitaifikia mwishoni.

"Frag" ni kifupisho cha "fragment", yaani kipande. Kipande huanza kwa herufi kubwa na kuishia kwa nukta, kwa hiyo ukikitupia jicho kinafanana na sentensi. Umejitetea kwamba zako ni ndefu. Suala la urefu liweke pembeni kabisa. Katika Biblia ya Kiingereza, Yohana 11:35, kuna mstari wa maneno mawili tu: "Jesus wept." Kwetu ni "Yesu akalia machozi." Imekamilika, haidai kitu. Sasa tazama hii ya kwako, yenye maneno 23:

"The reason why most of the farmers in the three villages which were visited during the study did not receive fertiliser on time."

Itie kwenye Kiswahili uisikie: "Sababu iliyowafanya wakulima wengi wa vijiji vitatu vilivyotembelewa wakati wa utafiti wasipate mbolea kwa wakati." Enhe? Sababu hiyo ikawaje? Msomaji amebaki na kikombe mkononi, chai haijamiminwa. Ndani ya maneno yale 23 kuna vitenzi viwili, "were visited" na "did not receive", lakini cha kwanza ni cha vijiji na cha pili ni cha wakulima. Yule uliyemweka mbele kama kiima, "the reason", hana kitenzi chake. Mpe: "The reason why most farmers did not receive fertiliser on time was that the lorries came late." Au, na hivi ndivyo ningeandika mimi, itupe "reason" yenyewe: "Most farmers in the three villages did not receive fertiliser on time because the lorries came late." Kipande cha aina hii ndicho hatari kuliko vyote kwenye tasnifu, kwa sababu kirefu kiasi kwamba hata mwandishi husahau alianza na nani.

Kwa hiyo Kiingereza kinadai nini kabla hujaweka nukta? Kinadai kiima kilichotajwa, kitenzi chenye njeo, yaani kinachoonyesha wakati, ambacho ni cha kiima hicho, na mbele pasiwe na neno linaloifanya sentensi nzima iegemee nyingine. Kwa lugha ya shule tungesema: lazima kuwe na kishazi huru angalau kimoja. Hayo ulifundishwa ukiwa kidato cha pili, na bado unaandika vipande. Nadhani najua kwa nini.

Kitenzi chetu hubeba mizigo yote peke yake. "Nimekiona" ni neno moja na ni sentensi: nani yumo, wakati umo, kilichoonwa kimo. Mwingereza anahitaji maneno manne, "I have seen it", na akidondosha moja kati ya hayo nyumba inaanguka. Sisi tumezoea kwamba ukishataja kitenzi, kiima umeshakitaja. Ndiyo maana simulizi zetu hutiririka hivi: "Nilikusanya madodoso. Nikayaingiza kwenye kompyuta. Nikayachambua." Sentensi tatu kamili, kila moja ina "ni" yake. Ukizihamishia kwenye Kiingereza kichwa kikiwa bado kwenye Kiswahili, unapata ulichoandika ukurasa wa pili: "I collected the questionnaires. Then entered them into the computer. And analysed them." Mbili za mwisho ni vipande. Ile "ni" imeachwa Morogoro. Ama irudishe, "Then I entered them", ama, bora zaidi, fanya sentensi moja yenye kiima kimoja na vitenzi vitatu: "I collected the questionnaires, entered them into the computer and analysed them."

Jambo la pili linatokana na o-rejeshi, na hapa naomba utulie kidogo, maana baadhi ya vipande vyako vimezaliwa hapa. Linganisha:

Wakulima walihojiwa mwezi Agosti.
Wakulima waliohojiwa mwezi Agosti.

Tofauti ni herufi moja, "o". Ya kwanza ni sentensi. Ya pili ukimwambia mtu kisha ukanyamaza, atakuuliza "wamefanya nini?" Sikio lako linajua hilo bila kufundishwa, kwa sababu alama ya utegemezi sisi tunaichomeka ndani ya kitenzi chenyewe. Mwingereza kitenzi chake hakigusi. Huweka "who" au "which" nje yake, na mara nyingine hata hiyo haiweki: "The farmers interviewed in August." Jicho linaona "interviewed", linaona "-ed", linasema kitenzi cha wakati uliopita hiki hapa, tumemaliza. Hapana. Hao ni wakulima wali-o-hojiwa, bado unadaiwa. Ama sema walichofanya, "The farmers interviewed in August complained about prices", ama wape kitenzi kisaidizi, "The farmers were interviewed in August."

Vivyo hivyo kwa "-ing". "The farmers selling maize at low prices" ni wakulima wana-o-uza. Ukitaka wanauza, au walikuwa wakiuza, lazima "are" au "were" iwepo. "-ing" peke yake haina njeo, haikuambii ni jana, leo au kesho. Wanafunzi wengi huniambia, "Lakini mwalimu, hicho si kitenzi?" Ni kitenzi, ila hakijavaa. Kina mwili hakina nguo, na Kiingereza rasmi hakimruhusu kutoka barabarani hivyo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ninachokupa ni cha nyumbani: rudisha sentensi yako kwenye Kiswahili kwa uaminifu, neno kwa neno, usiipambe. Ikitoka na o-rejeshi au "amba-" kwenye kitenzi pekee kilichopo, una kipande mkononi. Sijakiona kipimo hiki kwenye vitabu vya sarufi vya Waingereza, na sishangai. Wao hawana "o".

Sasa "whereby". Hili neno lina kesi yake ya pekee huku kwetu. Redioni na kwenye ripoti tumezoea kuanza sentensi kwa "Ambapo": "Ambapo asilimia sitini walisema hawana mbegu bora." Hata kwa Kiswahili mhariri mkali angekuuliza "ambapo wapi?" Mtu akitafuta neno la Kiingereza la kuvalisha hiyo "ambapo", hukuta "whereby", na ndipo tunapata "Whereby most farmers said they had no improved seed." "Whereby" maana yake ni "kwa njia ambayo", inafuata nomino ya utaratibu au mpango fulani, kama "a system whereby farmers are paid in advance". Haianzishi sentensi ya taarifa. Umeitumia mara tatu. Zote tatu ukizifuta usiweke kitu badala yake, sentensi zinapona papo hapo: "Most farmers said they had no improved seed." Dawa rahisi kuliko hiyo sina.

Ndugu yake ni "Which" yenye herufi kubwa. "The pump broke down in June. Which delayed irrigation." Hiyo ni "jambo ambalo lilichelewesha umwagiliaji", imekatwa shingo kwa nukta. Badilisha nukta iwe mkato, "which" iwe na herufi ndogo, au anza upya: "This delayed irrigation." Na "Such as", "Especially" na "For example" zinazofuatwa na orodha ya majina tu: "They grow several crops. Such as maize, beans and cassava." Orodha haina kitenzi, irudishe kwa mama yake: "several crops, such as maize, beans and cassava."

Kuhusu "Because" nataka kukuondolea mzigo uliobebeshwa utotoni. Wengi wetu tulifundishwa kwamba ni marufuku kuanza sentensi kwa "Because". Hakuna marufuku hiyo. Mwalimu wa watoto arobaini na tano aliona vipande vya "Because" vimezidi, akafunga mlango mzima badala ya kueleza. Kinachotakiwa ni kwamba "Because" ikianza, kishazi huru kifuate kabla ya nukta. "Because the rains were late, most farmers planted in January" ni Kiingereza safi. Hesabu hiyo ndiyo ya "Although", "When", "If", "While", "Since" na "Unless". Kila mojawapo ni ahadi: nitakuambia kitu kingine sasa hivi. Ukiweka nukta kabla ya kutimiza, umekopa.

Kukosa "is" au "are" nitapita haraka, wewe unayo mara moja tu: "The main cause of the delay poor roads." Sisi tunasema "Jina langu Asha", "Huyu kaka yangu", na mambo yanakwenda. Kiingereza hakikubali: "was poor roads".

Ukishavijua hivi vyote, kazi inayobaki ni kuvikamata ukurasani, na hapo macho yako ndiyo adui. Ukisoma kutoka juu kwenda chini, akili hukopa kiima kutoka sentensi iliyotangulia na kukijaza pale palipo tupu, nawe unaona kila kitu sawa. Soma kinyume. Anza na sentensi ya mwisho ya aya, kisha inayoitangulia, hadi ya kwanza. Kipande kikikutwa peke yake kinaona aibu. Halafu kila unayoishuku itangulize maneno haya: "It is true that". "It is true that the farmers were interviewed in August" inakaa. "It is true that the farmers interviewed in August" inaning'inia. "It is true that because the rains were late" nayo inaning'inia. Kipimo hiki kina upungufu mmoja: maswali na amri hushindwa hata kama ni sentensi kamili. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Njia ya tatu ni ya kivivu lakini inaokoa muda. Fungua sehemu ya kutafuta kwenye Word, washa chaguo la kutofautisha herufi kubwa na ndogo, kisha tafuta moja moja: Which, Whereby, Such as, Because, Although, Being. Dakika kumi kwa sura nzima. Usitegemee mistari ya rangi ambayo Word huchora yenyewe chini ya maneno. Zamani ilikuwa ya kijani, sasa ni ya buluu, na tabia ni ileile: inakamata vipande vifupi, vile virefu vya maneno ishirini na kitu vinaipita pembeni, kisha inakulaumu kwa vichwa vya habari ambavyo havina kosa.

Sasa aya yako. Uliandika:

"The rains started late in the year of the study. Because of this delay, which affected all three villages. Most farmers planted in January. Whereby those with tractors finished early. The rest using hand hoes until February. Such as the farmers of the lower village."

Nukta sita, sentensi kamili mbili tu, ya kwanza na ya tatu. Ningeiandika hivi:

"The rains started late in the year of the study. Because of this delay, which affected all three villages, most farmers planted in January. Those with tractors finished early, but the rest, such as the farmers of the lower village, were still planting with hand hoes in February."

Kipande cha pili nimekiponya kwa mkato mmoja, kwa sababu kishazi huru kilikuwa kimesimama mlangoni pake. "Whereby" nimeifuta. "Using" nimeipa "were", tena nikalazimika kubadilisha kitenzi chenyewe: ulisema walitumia jembe la mkono hadi Februari, hukusema wakifanya nini. Walikuwa wanapanda? Wanapalilia? Mimi nimekisia wanapanda. Wewe ulikuwepo shambani, hakikisha. Ndiyo maana namwelewa msimamizi wako akikasirika: mara nyingi palipo na kipande pana taarifa iliyoachwa nje, na taarifa hiyo ndiyo utafiti wako.

Tahadhari moja ukiwa na kalamu mkononi. Wanafunzi wakishaogopa nukta hukimbilia mkato, wakaunganisha chochote na chochote: "The rains were late, the farmers did not plant." Kwa Kiswahili inapita vizuri, "mvua zilichelewa, wakulima hawakupanda". Kwa Kiingereza rasmi hilo ni kosa jingine lenye jina lake, na litakuletea wino mwekundu wa aina mpya. Vishazi huru viwili huhitaji kiunganishi, "The rains were late, so the farmers did not plant", au nuktamkato, au nukta ya kawaida.

Barua uliyoniandikia nayo, mwanangu, nimeicheka kwa upendo, kwa sababu umeimaliza kwa "Hoping to hear from you soon." Nimeandika kipande hicho kwa miaka. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi ilifunguliwa na "With reference to the above heading." nukta, na kufungwa na "Thanking you in advance." nukta, na katikati hapakuwa na mengi. Ofisi zetu zimerithishana maneno haya tangu enzi za mashine ya chapa hadi yamekuwa kama kanzu ya Ijumaa. Kwenye barua hakuna atakayekufunga. Ila kama barua inakwenda kwa mtu anayepima Kiingereza chako, mpe kiima: "I refer to your letter of 12 March" na "I look forward to hearing from you." Ni "hearing", si "hear", na hapo nako wengi huteleza.

Umeuliza kuhusu waandishi wakubwa. Ni kweli wanaandika vipande. Charles Dickens aliifungua Bleak House, riwaya iliyoanza kutoka kwa matoleo mwaka 1852, kwa neno moja na nukta: "London." Mbele kidogo kuna "Fog everywhere", ukungu kila mahali, na sentensi nyingi za mwanzo hazina kitenzi kikuu. Alitaka msomaji asimame ndani ya ukungu ule, pasiwepo na mtu anayefanya kitu. Riwaya, tangazo la sabuni, kichwa cha habari, maelezo chini ya picha, ujumbe wa simu: huko vipande vinaishi kwa raha. Sura ya nne ya tasnifu inayohesabu magunia ya mahindi haina ukungu wa kuujenga. Msomaji wake anataka nani, alifanya nini, lini.

Hata ndani ya tasnifu pana mahali pa vipande. Malengo yako mahususi yameandikwa "To examine the causes of late planting", "To compare the yields of the three villages", na kadhalika, yakiwa orodha chini ya "The specific objectives of this study were:". Yanaegemea sentensi iliyo juu yake, yaache. Lakini kwenye sura ya nne umelinyofoa la kwanza ukalisimamisha katikati ya aya likiwa na nukta yake, peke yake, na hapo "frag" ni halali. Andika "The first objective was to examine the causes of late planting."

Imebaki ile moja. Kwenye maelekezo ya wasaidizi wako wa utafiti, yale uliyoyanukuu kwenye sura hiyo, umeandika "Read the consent form aloud before the interview." Msimamizi ameizungushia duara, nadhani kwa sababu hakuona kiima. Ni amri, na katika amri kiima "you" huwa kinaeleweka bila kutajwa, kama sisi tunavyosema "Soma fomu." Ukiitanguliza "It is true that" itashindwa, nilikuambia kipimo kile kina upungufu. Iache kama ilivyo, na akikuuliza, mwonyeshe kwa adabu maelekezo mengine manne yaliyo chini yake, "Ask", "Write", "Check", "Thank". Hayo hakuyagusa.